Masika ya Kukaza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, na mwenye bucha amefunga breki kama anayekata mfupa. Barabarani hapakuwa na kitu ila mfuko wa nailoni uliokuwa ukipeperushwa na upepo. Mimi ndiye mwalimu wake wa udereva. Nina pedali zangu upande wangu, na kwa kawaida huwa namuwahi mwanafunzi. Leo sikuwahi. Mkanda ulinibana kifuani, na chini nikasikia joto likisambaa.

Si mara ya kwanza. Tangu hedhi ilipokoma mkojo umekuwa ukinitoka nikikohoa, nikipiga chafya, nikinyanyua ndoo. Lakini hayo yalikuwa ya nyumbani, na nyumbani mtu una kona zako. Leo yamenikuta kwenye kiti cha gari la shule ya udereva.

"Endelea," nikamwambia. "Shika njia ya kurudi."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, akateremsha kioo cha upande wake. Mvua ikawa inamwingilia begani, naye hakukipandisha. Kwa nini mtu afungue dirisha mvua inanyesha? Nimeshinda na swali hilo.

Jumanne, 4 Machi

Kiti nimekitandika nailoni, juu yake taulo. Bosi nimemwambia dirisha la upande wangu linavujisha.

Jumatano, 5 Machi

Wifi yangu amekuja na mabegi yake yote. Paa la nyumba yake limeshindwa na mvua, na mume wangu, ambaye ni mdogo wake, amemwambia akae kwetu mpaka masika yaishe. Aliuza vitambaa sokoni maisha yake yote, na mpaka leo hawezi kupita kitu bila kukishika na kukinusa. Alipofika tu alisimama mlangoni mwa chumba ninacholala.

"Wifi, kumbe siku hizi unalala huku?"

"Kaka yako anakoroma."

"Amekoroma tangu utotoni," akasema. "Umeanza kusikia lini?"

Nikacheka kidogo, cheko la mdomoni tu, maana cheko la tumboni nimeshaliogopa. Ukweli ni kwamba nilihamia chumba cha watoto mwezi uliopita baada ya kuamka na shuka limelowa. Mume wangu hakuuliza kitu. Aliubeba mto wangu akaniletea, basi. Kunyamaza kwake sikupendi. Yeye ni fundi redio, anaishi kwa kusikiliza; mtu kama huyo akinyamaza ujue amesikia jambo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda zahanati kupima presha. Muuguzi akaniuliza nina shida nyingine gani, nikasema sina. Akasema, "Mama, tangu umekaa hapo umebana miguu. Unataka kwenda haja?" Nikajikuta nimemweleza yote, mwenyewe sijui ilikuwaje. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Amesema kila Jumanne alasiri kuna chumba cha nyuma ambako wanawake wa rika langu wanafundishwa mazoezi. Nikamuuliza dawa je. Akasema tuanze na mazoezi.

Machale yamenicheza. Mtu anapokuambia dawa baadaye, kuna kitu anakificha.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi amepeleka gari gereji. Fundi amelimwagia maji ndoo nzima dirisha la upande wangu. "Dirisha hili halipitishi hata pumzi," amesema, kisha akalitazama taulo langu, kisha akanitazama mimi. Bosi naye akanitazama. Nikajifanya napokea simu.

Jumanne, 11 Machi

Nyumbani nimeaga kwamba nina mwanafunzi wa jioni.

Chumba kiko nyuma ya zahanati, kina mapazia mazito, na mlinzi wa kiume mlangoni. Ndani wanawake wamelala chali juu ya mikeka, magoti juu, kama wagonjwa wanaosubiri kitu kibaya. Anayefundisha ni mtaalamu wa viungo, msichana sawa na kitinda mimba wangu. Nikasema moyoni, huyu hajazaa, hajakoma, atanieleza nini?

Akaeleza. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, imebeba kibofu na mji wa mimba. Kuzaa kunailegeza, na hedhi ikikoma homoni zinapungua, nyama za huko zinakuwa nyembamba na misuli inachoka. Lakini msuli ni msuli, akasema, ukiutumikisha unarudi.

"Fikirieni mmekaa mkutanoni, tumbo limejaa gesi. Mnafanyaje?"

"Naondoka," akajibu bibi mmoja wa kona.

"Huwezi kuondoka. Mgeni rasmi anahutubia, na wewe umekaa mbele."

"Basi nakaza."

"Hapo hapo, bibi! Sasa kaza, inua kwa ndani kama unapandisha kitu, shikilia kidogo, kisha achia kabisa. Matako yatulie. Mapaja yatulie. Pumua."

Tukakaza. Nilitazama huku na huku, hakuna aliyesogea. Hakuna jasho, hakuna sauti. Ni mazoezi gani haya ambayo mtu akiyafanya na asipoyafanya anaonekana sawasawa? Ningeweza kulala pale nikiwaza mboga na nisijulikane. Tena anasema nisikauke kwa kuacha kunywa maji, kwamba mkojo mkali unakichokoza kibofu. Mimi nimekaa wiki nzima na chupa tupu garini! Na matokeo, anasema, si ya leo wala kesho. Ni kufanya kila siku, wiki baada ya wiki, wengine hufika miezi mitatu. Matapeli wote husema hivyo, kwamba subiri.

Nimerudi nimelowa mvua. Wifi kaniuliza mwanafunzi wangu wa jioni ameendesha vipi. Nikasema vizuri. Akasema, "Na gari halina paa?"

Alhamisi, 13 Machi

Kila nikirudi kazini nakuta ndoo ya maji ya moto mlangoni mwa bafu. Ni wifi. Kwa nini ananitaka nioge? Ananinusa.

Jumanne, 18 Machi

Mikeka tena. Nimekaza. Sijaona kitu.

Jumatatu, 24 Machi

Nafanya mazoezi garini, kwenye taa nyekundu. Nikiona gari la mbele linasimama nakaza, likiondoka naachia. Mwenye bucha amekuwa mkimya, anaendesha ameinamia usukani kama ng'ombe anayekunywa maji. Leo ameuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nikasema hujakosea, endesha. Akateremsha kioo.

Jumatano, 26 Machi

Mwenye bucha ameomba abadilishiwe mwalimu.

Bosi kaniita ofisini na kufunga mlango. Anasema mwanafunzi hakueleza sababu, ila hajisikii vizuri akiwa garini na mimi. Hajisikii vizuri! Mwanaume anayeshinda kati ya matumbo ya ng'ombe, hajisikii vizuri na mimi. Kisha bosi, kwa sauti ya upole niliyoichukia, akasema nimefanya kazi miaka mingi, mvua hizi zinachosha, na pale mapokezi panahitajika mtu mzima, mwenye heshima.

"Unanitoa barabarani?"

"Sijasema hivyo. Nasema fikiria."

Mimi ndiye mwanamke pekee anayefundisha udereva pale. Nimefundisha madereva wa malori. Nimewafundisha wanaume walioingia garini wakinicheka wakatoka wakiniita mwalimu. Leo natakiwa nikakae nyuma ya meza nikaribishe wageni, kwa sababu ya dirisha lisilovuja.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye matope, na njia nzima nimekohoa, na kila nilipokohoa nimeyajua yaliyonitoka. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua kubwa. Nilitaka nisiende, halafu nikaenda ili nimwambie yule msichana kwamba mazoezi yake ni upuuzi. Nikamwambia mbele ya wote.

Hakukasirika. Aliwaacha wenzangu wakipumzika, akanipeleka nyuma ya pazia. Akaniomba ruhusa anipime kwa mkono wake, nikaruhusu nikiwa nimefumba macho.

"Kaza, mama."

Nikakaza.

"Hapa hapajakaza kitu. Fungua macho ujitazame," akasema, akanielekeza kwenye kioo cha ukutani.

Nilimwona mwanamke ameuma meno, shingo imesimama mishipa, mashavu yamevimba kwa pumzi iliyozuiliwa. Uso wa mtu anayetaka kupiga mtu.

"Umekuwa ukikaza uso," akasema. "Tena ukizuia pumzi hivyo, unasukuma kwenda chini. Legeza mdomo. Toa pumzi polepole, na wakati inatoka, inua kule chini."

Ikachukua muda. Kisha nikausikia, msuli mdogo ndani kabisa, dhaifu, ukajikunja mara moja na kuchoka. "Huyo!" akasema. Sikujua nicheke au nilie. Wiki zote hizo nilikuwa nagonga mlango wa jirani.

Njiani nikamkumbuka mwenye bucha na swali lake la kwenye taa nyekundu, nikasimama katikati ya mvua kama mjinga.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda buchani. Aliponiona akashusha kisu.

"Nataka ukweli," nikamwambia. "Kwa nini umenikimbia?"

Akatazama wateja, akanisogeza pembeni. "Mwalimu, usikasirike. Tangu siku ile ya mfuko wa nailoni, nikifunga breki au nikifika kwenye taa unauma meno. Unavimba. Hunifokei, ungenifokea ningejua kosa langu. Unanyamaza tu umevimba. Mimi natoka jasho mpaka nafungua kioo. Usiku nauota huo uso wako."

"Ni hilo tu?"

"Kwani kuna jingine?"

Nilimtazama sana machoni nione kama ananificha kitu. Sikuona kitu ila woga. Nimemwambia nilikuwa naumwa, na sasa natibiwa. Amesema atarudi kwangu, maana mwalimu mpya anachezea simu.

Jumanne, 8 Aprili

Mazoezi. Ya kukaza na kushikilia, halafu ya harakaharaka. Tena tumefundishwa kuwahi: kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kunyanyua kitu, kaza kwanza.

Niliporudi nimekuta viatu vya mume wangu barazani, vile vyeusi vya sherehe, vina matope mpaka kwenye kamba. Mtu huyu kazi yake iko sebuleni. Alikuwa wapi na viatu vya sherehe kwenye mvua?

Jumapili, 13 Aprili

Wifi, akichambua mchele: "Kaka yangu siku hizi ananyoa ndevu Jumanne."

"Ndiyo nini?"

"Nakuambia tu. Zamani alikuwa ananyoa Ijumaa."

Jumanne, 15 Aprili

Viatu vina matope tena. Nimemuuliza alikuwa wapi, akasema alikwenda kutafuta spea. Mkononi hakuwa na spea.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeshaunganisha mambo yote. Ndevu. Viatu. Kunyamaza. Mwezi wa Februari nilihama chumba, na mwanaume aliyeachwa chumba peke yake hakai kutazama dari. Wifi anajua, ndiyo maana ananirushia maneno kidogokidogo ili aone nitafanya nini. Nami nimekuwa nikihangaika kukaza misuli, kumbe nyumba yenyewe imelegea.

Nilitaka kumpigia mwanangu simu nimweleze. Ningeanzia wapi? Ili nimweleze ya baba yake lazima nieleze kwa nini nilihama, na hilo halinitoki mdomoni.

Jambo moja la ajabu. Leo nilipiga chafya mara mbili nikifua, nikawahi kukaza. Nimebaki mkavu. Sikufurahi hata kidogo.

Jumanne, 29 Aprili

Usiku umekwenda sana, lakini lazima niyaweke haya.

Tulikuwa mikekani, bibi wa kona anatuchekesha, mara tukasikia kelele nje. Mlinzi anapaza sauti: "Mzee, nimekuambia hapa ni wanawake tu! Wiki tatu nakuona kwenye huo ukuta!" Na sauti nyingine ikajibu, "Na wewe unafanya nini humo na wanawake?" Sauti hiyo nimeishi nayo miaka thelathini na mitano.

Nikatoka na soksi. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mvua, shati jeupe limemganda, ndevu zimenyolewa, mlinzi amemshika mkono. Alinitazama soksi, suruali yangu ya kulegea, nywele zilizotimka.

"Mwachie," nikamwambia mlinzi. "Ni wangu."

Tukakaa kwenye benchi chini ya bati. Mvua inapiga hatusikilizani, ikabidi asogee karibu kuliko alivyosogea tangu Februari.

"Niambie tu ni nani," akasema. "Sitafanya fujo. Nimenyoa, nimevaa vizuri, nilitaka nikimkuta anione kama mtu. Ni huyu mlinzi?"

"Nani?"

"Nilipiga simu shuleni. Hakuna mwanafunzi wa jioni. Umehama chumba. Unaoga kama una miadi. Unafua shuka kabla sijaamka. Jumanne unaingia humu, mapazia yanafungwa. Mimi si mtoto."

Nikamwambia, "Na wewe? Ndevu? Viatu? Spea zisizoonekana?"

"Nilikuwa nakufuata wewe!"

Tukatazamana. Nikaona macho yake yamekuwa mekundu, na sikujua ni mvua au ni nini. Ningeweza kumdanganya bado. Ningesema mgongo. Mgongo ungetosha, angeshukuru.

"Mkojo unanitoka," nikasema.

"Nini?"

Bati lilikuwa linalia. Ikabidi nipaze sauti: "Mkojo! Unanitoka! Nikikohoa, nikicheka, gari likisimama ghafla! Nililowesha kitanda ndiyo maana nikahama! Humu ndani nafundishwa kuuzuia!"

Mlinzi akageukia ukuta.

Mume wangu alijifuta maji usoni. Kisha akasema, "Mkojo tu?"

Ile "tu" ilinichoma. Nikasimama. "Unaona ni jambo dogo? Nimekaa miezi sijacheka. Karibu ninyang'anywe gari. Nimelala peke yangu nikijinusa kama mbwa. Sema tena tu."

Akanishika mkono, akauvuta taratibu mpaka nikakaa. "Sikusema ni kidogo," akasema. "Mimi nilikuwa najiandaa kukukosa. Ndiyo maana imetoka hiyo tu."

Yule msichana akachungulia, akauliza kama ninarudi ndani. Mume wangu akasema, "Nenda ukamalize. Nitakungoja."

Alingoja, na mlinzi akampa kiti.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemkabili wifi jikoni. "Ulijua?"

"Nilijua siku niliyofika. Mimi nina miaka sabini, utanificha nini? Maji ya moto yale ulidhani nakuwekea kwa ajili ya nini, nipike?"

"Na kaka yako ulimwacha ateseke?"

"Aliniuliza kama una mwanaume. Nikamjibu sijui, maana sikujua. Hakuniuliza kuhusu mkojo. Na angeniuliza nisingemwambia. Hilo ni lako."

"Na maneno ya ndevu?"

Akaendelea kumenya vitunguu. "Nilitaka mmoja wenu achoke kunyamaza."

Bado simwamini moja kwa moja. Lakini leo ndoo ya maji nimeipokea mkononi mwake, nikasema asante.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwambia bosi sitaki mapokezi. Akauliza kuhusu dirisha. Nikasema, "Dirisha halijawahi kuvuja. Nilikuwa na shida ya kiafya ya wanawake, natibiwa, na kiti nitakisafisha mwenyewe." Alikuwa na maswali mengine, lakini neno "wanawake" lilimfanya atafute kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Gari ni langu mpaka nitakaposema vingine.

Jumanne, 13 Mei

Mazoezi. Mume wangu amenileta na mwavuli. Bibi wa kona anamwita Mzee wa Ukuta.

Alhamisi, 22 Mei

Leo tulikuwa tukijiandaa na mtihani. Mbwa alikatiza kutoka uchochoroni, na mwenye bucha akafunga breki ile ile ya mfupa. Nilimwona mbwa mapema, nikatoa pumzi, nikainua kule chini, mguu wangu nao juu ya pedali. Gari likasimama. Mbwa akapita. Nikasubiri joto. Hakuna.

"Nimekosea?" akauliza.

"Umefanya sawasawa. Umeokoa mbwa."

"Mbona huvimbi?"

"Washa gari twende," nikamwambia.

Jumatatu, 26 Mei

Si kila siku. Leo nilibeba gunia la mkaa kwa ubishi, nikasahau kuwahi, nikabadilisha nguo. Msichana alisema Jumanne iliyopita kwamba mazoezi haya ni ya maisha, kama kupiga mswaki, na zikipita wiki zaidi bila maendeleo tutamwona daktari kuhusu dawa ya kupaka. Kumbe dawa ipo, na yule muuguzi hakuwa akinificha; alikuwa akienda kwa hatua. Nimemsamehe nusu.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imepungua. Wifi amekwenda kukagua paa lake. Mchana tumebaki wawili, nami nimejilaza kitandani, kitanda chetu, kusikiliza mechi redioni. Mume wangu akaanza kunisimulia Jumanne yake ya kwanza pale ukutani: alivyopanda tofali achungulie, pazia likafunguka kidogo, akaona miguu tu, magoti juu, mstari mzima, na sauti ya msichana ikisema, "Kazaaa, shikiliaaa, achia!"

"Nikasema, jamani, huyo mwanaume wa mke wangu ana wanawake wangapi?"

Nikacheka. Nikacheka kutoka tumboni, nikashika mto, nikashindwa kukaza, maana hakuna anayecheka vile na kukaza. Kisha nikanyamaza ghafla.

Akazima redio. "Vipi?"

Zamani ningesema natafuta kitambaa. Ningetoka, nisingerudi.

"Umenitoka," nikasema.

"Mwingi?"

"Kidogo."

Akanyanyuka, akaleta taulo kabatini, akanirushia, akarudi kulala upande wake na kujivutia mto.

"Weka hapo," akasema, "kisha ninyamazie nimalize. Sijafika kwenye sehemu ya mlinzi."